Ndama Hawangoji Tarehe

Wenzangu wa zamu ya asubuhi, mliniaga kwa keki ya mlozi na kikombe chenye picha ya ndege, mkaniambia, "Mzee Melkiori, ukishapumzika utuandikie." Haya, nimeshapumzika. Kupumzika kwenyewe ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Naamka mapema hapa Märsta, kando ya uwanja wa ndege wa Stockholm, nakaa jikoni na chai yangu, ndege zinapita juu ya paa moja baada ya nyingine, na mikono yangu inaanza yenyewe kutafuta mikanda ya viti iikunje. Mke wangu ananitazama, anacheka. "Hujastaafu wewe," anasema, "umepotea njia ya kazini tu." Basi naandika, ili mikono ipate shughuli.

Mambo ya mshahara nayapita. Mnaujua, na asiyeujua ataujua tarehe ishirini na tano. Cheo nilipewa kimoja, kiongozi wa kikosi, nacho kilikuja na redio nzito ya kiunoni pamoja na lawama za watu wote. Hicho nacho nakipita.

Siku yangu ya kwanza ya kusafisha ndege ilikuwa ya theluji. Lori la kuinuka lilitupandisha hadi mlango wa nyuma wa ndege, tukaingia, na mimi nikasimama palepale. Maishani mwangu nilikuwa nimepanda ndege safari moja tu, ile ya kututoa kambi ya wakimbizi Kigoma kutuleta huku, tena nikiwa nimefumba macho karibu njia nzima. Sasa nilikuwa ndani ya ndege tupu. Taa zilikuwa zimefifia, viti vyote vimenipa mgongo, na nje ya vidirisha theluji ilikuwa inaanguka bila sauti yoyote. Nilijiona kama niko usingizini na mtu atakuja kuniamsha sasa hivi.

Aliyekuja kuniamsha ni Tuula, mama wa Kifini, mfupi, mwenye sauti ya kamanda. "Ukitaka kuota, nunua tiketi!" alinikemea. Huyo ndiye mwalimu wangu. Alinifundisha kwamba kwenye mfuko wa kiti huingizi vidole, unaingiza kwanza mgongo wa mkono, maana humo abiria huacha sindano, nepi, ganda la ndizi, na mara moja meno ya bandia ya mtu aliyeshuka bila kuyakumbuka. Sijui alikula nini siku ile. Alinifundisha kufuta kimeza cha kulia kuanzia kona, na kuacha mikanda imekunjwa sawa kila kiti. Zaidi ya yote alinifundisha mgawanyo wetu, ambao na ninyi mnaufuata: mmoja anaanzia puani, mwingine mkiani, mnakutana kwenye bawa. Mkikutana mnasalimiana, hata kama mmesalimiana saa ileile. "Asiyesalimia bawani," alisema Tuula, "ana jambo moyoni, na mtu mwenye jambo moyoni hasafishi vizuri." Alistaafu akarudi kwao, na salamu ya bawani ikabaki nasi.

Nitawaambia kitu ambacho sikuwahi kuwaambia kwenye redio. Ndege tupu zilikuwa zinazungumza nami. Za kutoka kusini zilinuka mafuta ya jua na ufukwe. Za kutoka kaskazini, kule Kiruna na Luleå, zilinuka moshi wa kuni na sufu iliyolowa. Nikiinama kwenye safu zile, kitambaa mkononi, nilikuwa natoka Stockholm kabisa. Nilikuwa niko kwenye kilima chetu Burundi, jioni, moto umewashwa mbele ya zizi kufukuza inzi, na ng'ombe wa baba wanakuja mmojammoja kusimama kwenye moshi huku wamefumba macho. Mimi nilikuwa wa ndama. Kazi yangu ilikuwa kuwazuia wasinyonye kabla ya baba kukamua, na walinishinda kila siku. Halafu redio inalia kiunoni, nami narudi safu ya kumi na kitu, mabega yananiuma.

Ni katika ndoto hizo nilipomfahamu Risten.

Aliletwa kwetu akitokea kampuni nyingine ya usafi, mwanamke wa makamo, mkimya, nywele nyeusi, anaishi Rågsved, kusini mwa mji, na binti yake Elle. Kutoka Rågsved hadi uwanjani ni treni ya chini, kisha treni ya juu, kisha basi, na hakuchelewa hata siku moja. Sisi tulimhesabu kuwa Mswidi tu. Papa Kabeya, Mkongomani wetu wa Lubumbashi ambaye ninyi nyote mnamjua kwa sauti, alimwita hivyo mbele ya watu, naye Risten akamjibu taratibu, "Mimi si Mswidi. Mimi ni Msami." Kabeya alinigeukia, akanong'ona kwa Kiswahili cha kwao, "Muzee, huyu alizaliwa hapa, mama yake hapa, bibi yake hapa, na anakatala! Sasa sisi tutakuwa ba nani?" Tulicheka sana. Risten alitaka atafsiriwe, akatafsiriwa, naye akacheka kuliko sisi.

Wasami ni watu wa asili wa kaskazini, walikuwako kabla mipaka haijachorwa. Baadhi yao wanafuga reni, wale kulungu wa baridi wenye pembe kama matawi makavu. Reni wa Risten walikuwa kwa kaka yake milimani. Siku moja wakati wa fika, yaani kahawa yetu ya mapumziko, nilimsikia anaongea na huyo kaka kwenye simu, sauti imeshuka, uso una wasiwasi. Alipomaliza nikamwuliza tu, "Wanyama wamelala salama?"

Aliweka kikombe chini.

"Melkiori," alisema, "wewe ni wa kwanza katika mji huu ambaye hakuniuliza nina wangapi."

Nilishangaa. Nani anauliza hivyo? Kwetu tunasalimiana kwa kutakiana makundi ya ng'ombe, lakini humwulizi mtu idadi yao. Ni kama kumwomba akufungulie mfuko wa suruali mbele ya watu. Wazee walisema pia kwamba ukihesabu kwa sauti, unaita balaa. Nilimweleza, naye akasema kwao ni vilevile, hata mke na mume huongea kwa kuzungukazunguka. Tangu siku ile tulikuwa tunaongea habari za mifugo kila fika. Kabeya, mtoto wa mjini, alikuwa anaziba masikio.

Basi ukaja mpango. Makao makuu walikuwa wameamua kwamba kampuni iwajumuishe wafanyakazi wa jamii za asili. Lotta, meneja wetu, mama mwema asiyejua kukaa kitako, alitukusanya kantini akauonyesha ukutani kwa mashine. Siku ya taifa la Wasami, mwezi wa pili, bendera yao itapandishwa na kutakuwa na keki. Makofi. Msami mwenye reni atapewa ruhusa ya kwenda kwenye kazi za mifugo. Makofi tena. Lakini atoe taarifa ya tarehe mwezi mzima kabla, na aandike ana wanyama wangapi, ili makao makuu wajue kama ni kazi ya jadi au ni burudani ya likizo.

"Risten atusaidie kwa mfano," alisema Lotta kwa furaha. "Risten, una reni wangapi?"

Jamani! Watu wote walimgeukia. Masikio ya Risten yakawa mekundu.

"Siwezi kujibu," alisema.

"Kwa kukadiria tu," Lotta alimtia moyo.

Kuna mtu nyuma alicheka. Mimi nikajikuta nimesimama. "Lotta, hilo haliulizwi."

"Kwa nini haliulizwi?"

Kiswidi changu chote kikanikimbia. Nilikuwa na baba yangu kichwani, na zizi, na moshi, na hakuna hata kimoja kilichokubali kugeuka maneno. "Kwa sababu haliulizwi," nikasema, nikakaa. Ningekuwa wakili, ningefungwa mimi na mteja wangu.

Risten ndiye aliyeeleza. Alisimama, mikono ameifumbata mbele, akasema kwamba ndama wa reni huwekwa alama kiangazi. Joto na mbu wakizidi, kundi zima hupanda kwenye mabaka ya theluji yaliyobaki juu mlimani, na hapo ndipo linapoweza kuzungushwa. Ndama hukimbia ubavuni mwa mama yake. Unatazama alama ya sikio la mama, unamkamata ndama, unamkata alama ileile. Ukichelewa mpaka vuli, ndama amemwacha mama, na hakuna ajuaye tena ni wa nani. Siku yenyewe inaamuliwa na upepo. Kaka yake humpigia simu, naye anatakiwa aondoke siku hiyohiyo.

"Mwaka huu Elle ana alama yake mwenyewe," alisema. "Ameirithi kwa mama yangu aliyekufa. Ana jike mmoja, na jike huyo amezaa. Mimi nilipokata ndama wangu wa kwanza, mkono wa mama ulikuwa juu ya mkono wangu. Nataka mkono wangu uwe juu ya wa Elle. Ni hilo tu ninaloomba. Keki sihitaji."

Nilidhani kwa maneno yale mjadala umekwisha. Ndiyo kwanza ulikuwa unaanza, maana Papa Kabeya alisimama.

"Na mimi, Lotta?" aliuliza. "Mama yangu alipokufa Lubumbashi, niliomba ruhusa. Mkaniambia ratiba imejaa, nitoe taarifa mapema. Mama yangu angenipa taarifa mwezi mzima kabla? Nilimzika kwenye simu. Pale." Alionyesha meza ya kona, karibu na mashine ya kahawa. "Watu walikuwa wanapita wanachukua maziwa."

Lotta alisema kwa sauti ndogo kwamba anasikitika sana, ila mpango huu unahusu jamii za asili, ambazo nchi inazitambua.

"Sawa," alisema Kabeya. "Ndama anatambuliwa. Mama yangu hapana."

Akakaa. Risten naye akakaa. Kesho yake, kwenye ndege, mmoja alianzia puani, mwingine mkiani, wakakutana bawani, wakapishana kimya. Ilinikata maini. Wenzetu wakagawanyika: hawa wanasema Msami anapendelewa, wale wanasema Kabeya ana wivu. Kila upande ulinijia mimi kama kiongozi wa kikosi, niseme nani ana haki. Nilikuwa naona wote wawili wanayo, na hapo ni mahali pabaya pa kukaa, hakuna mtu anayekupikia chai.

Risten alipeleka maombi yake. Penye idadi hakuandika kitu. Penye tarehe aliandika, "Watakapokuwa kwenye theluji." Makao makuu wakayakataa. Lotta aliwapigia simu, nilimsikia akipaza sauti ofisini, wakayakataa tena.

"Utafanyaje?" nilimwuliza.

"Nikienda bila ruhusa wanaweza kunifukuza," alisema. "Kodi ya nyumba ya Rågsved haijui reni ni nini. Nisipoenda, Elle atakuwa na alama isiyo na mnyama." Kisha akainama akaendelea kuunganisha waya wa kifyonza vumbi.

Kiangazi kikaja. Mnajua majira hayo yanavyotuchanganya, mwanga hauondoki, mtu analala hajalala, anafanya kazi kama anaota. Tulikuwa tunasafisha ndege ya kwenda kaskazini, milango iko wazi, hewa ya joto inaingia na harufu ya nyasi zilizofyekwa kando ya njia za ndege. Risten alianzia puani, Kabeya mkiani. Mimi nilikuwa katikati nabadilisha vitambaa vya viti, pale pa kuegemeza vichwa. Simu ya Risten ikalia.

Alisikiliza, akasema neno moja la kwao. Akairudisha mfukoni. Akaendelea kufuta kimeza kilekile, alichokwisha kukifuta, kwa mzunguko, polepole. Machozi yalikuwa yanamtoka.

Kabeya alikuwa amefika bawani. Alisimama.

"Ni wanyama?" aliuliza, neno lake la kwanza kwa Risten tangu ule mkutano.

"Wako kwenye theluji," alisema Risten. "Kaka atawazungusha kesho."

Kabeya alimtazama. Kisha akanyoosha mkono akamnyang'anya kitambaa. "Nenda."

"Wataniandikia onyo."

"Mtu hazikwi na onyo. Nenda umchukue mtoto. Nenda, nenda!" Akamvua hata kile kizibao cha njano, kama unavyomvua mtoto koti. Risten alishuka ngazi mbio. Kabeya akanigeukia na macho makali. "Muzee, usiniangarie. Fanya kazi."

Alifanya sehemu ya watu wawili. Jasho lilimtoka, alikuwa anatukana kwa Kifaransa kila safu, na hakuacha mkanda hata mmoja haujakunjwa. Redio ikaniuliza kama kikosi changu kimetimia. Nikajibu kwamba ndege itaondoka kwa wakati. Hayo yalikuwa kweli, na wenye redio hawakudadisi.

Jioni ya kesho yake, tukiwa kwenye fika ya zamu ya mchana tuliyopangiwa wiki ile, simu yangu ikaita kwa video. Ni Risten. Nyuma yake mlima, jua bado liko juu, na baka la theluji lenye rangi ya maziwa. Kundi lilikuwa linazunguka ndani ya boma, linazunguka tu, halikuwa na mwanzo wala mwisho, kwato zinagongana, na moshi wa moto unapita katikati yao. Mungu wangu. Nilikuwa kantini nimeshika kikombe cha karatasi, na nilikuwa nyumbani. Kama baba yangu angenifokea kwamba ndama wamenishinda tena, ningemjibu.

Wote tulibanana kwenye kioo kile kidogo. Elle alikuwa amepiga magoti, ndama amelazwa mapajani, kimya. Tuliona kisu kidogo. Tuliona mkono mdogo, na mkono mkubwa juu yake. Hatukuona uso wa Risten, mikono tu. Kisha Elle akamwachia. Ndama akatikisa masikio, akasimama kidogo kama hajui aende wapi, akaingia mbio ndani ya lile kundi linalozunguka, tukampoteza.

"Yuko wapi?" aliuliza Kabeya. Alikuwa amesogea bila mimi kujua. Akaichukua simu mkononi mwangu, akaileta karibu kabisa na macho. "Yuko wapi sasa?"

"Ngojeni," ilisema sauti ya Risten.

Tulingoja. Reni wakapita, wakapita. Mara ndama mmoja akasimama, na jike mmoja akatoka kwenye mzunguko, akamnusa kichwa, akamnusa sikio, naye akaingia chini ya tumbo lake akaanza kunyonya.

"Amemuona mama yake," alisema Kabeya.

Akanirudishia simu, akatoka nje, akasimama peke yake kule kwenye mikokoteni ya mizigo, mgongo umetugeukia. Nilitaka kumfuata. Mmoja wenu akanishika mkono, na alifanya vizuri.

Maonyo yalikuja matatu: la Risten, la Kabeya, na langu kwa ile redio. Chama cha wafanyakazi kikaingilia, Lotta naye akaenda makao makuu mwenyewe, na sijui aliwaambia nini, ila alirudi amekauka sauti. Vuli ilipoanza alitukusanya tena kantini. Maonyo yalikuwa yamefutwa. Mpango ulikuwa umeandikwa upya, akatugawia kila mtu karatasi, akausoma kwa sauti huku anatabasamu. Mfanyakazi yeyote, wa asili yoyote, akipatwa na jambo la kifamilia lisilochagua tarehe, ataondoka siku hiyohiyo, wenzake watamshikia zamu, naye atawashikia zao akirudi. Hakuna atakayeulizwa ana nini wala kiasi gani.

Jamani, tulipiga makofi! Tulipiga meza. Watu walimkumbatia Kabeya, maana ilikuwa dhahiri kwamba mama yake yumo mle ndani. Mimi mwenyewe nilikuwa nafuta macho. Nilipogeuka kumpongeza Risten, nikaona amekaa, karatasi iko mapajani, anatabasamu kama mtu aliyepewa koti zuri ambalo si saizi yake.

"Kuna nini?" nilimwuliza chini kwa chini.

"Hakuna kitu. Nimefurahi. Ruhusa nimepata."

"Risten."

"Hatumo," alisema. "Isome. Mara ya kwanza tulikuwamo, vibaya, lakini tulikuwamo. Bibi yangu alipopelekwa shule walimwambia hivyohivyo, hapa watoto wote ni sawa, na akarudi nyumbani hajui tena lugha ya kuongea na mama yake." Akaikunja karatasi mara mbili. "Basi, Melkiori. Watu wana furaha. Usiniharibie siku ya Kabeya."

Lakini Kabeya alikuwa nyuma yetu, na alikuwa amesikia. Alichukua karatasi yake, akavaa miwani, akaanza kusoma upya, kidole kinafuata kila mstari, midomo inachezacheza. Alifika mwisho. Akarudi mwanzo. Watu walikuwa wameshaanza kukata keki.

"Lotta," aliita. "Wasami wako wapi humu?"

"Sasa ni ya wote," alisema Lotta. Alikuwa amechoka, na bado anatabasamu. "Kabeya, ndivyo ulivyotaka. Wewe ndiye uliyesimama ukasema."

"Nilisema. Na ningepewa siku ile mara ingine, ningesema tena." Alivua miwani. Sauti yake, hii mnayoijua, ilikuwa ndogo kabisa. "Sisi hapa tumekaribishwa, Lotta. Wote, mimi na huyu Muzee. Tumekaribishwa na tunashukuru. Huyu hakukaribishwa na mtu. Huyu alikutwa hapa."

Lotta akamtazama Risten, kisha akatazama karatasi iliyokunjwa mapajani mwake.

"Mimi nilitaka ya kwangu," alisema Kabeya. "Sikusema mchukue ya kwake."

Lotta akaweka kisu cha keki mezani. Akavuta kiti, akafungua kompyuta palepale mbele yetu, akamwomba Risten akae karibu naye amwambie aandikeje.